Kaa Kwanza, Mwalimu Ignace

Mheshimiwa Komiseri wa Zone; Padri Paroko; Sista Pétronille, Prefe, mkuu wa shule yetu; walimu wetu wote; wazazi wetu, Papa na Mama mliofunga maduka na kuacha nyavu ili mfike hapa; Mama Julienne, mke wa mwalimu tunayemuaga leo, ambaye kiti chako kiko mbele kabisa na umekikubali; ndugu wageni waalikwa; wadogo zetu wa darasa la tano; na wewe Mwalimu Ignace, ambaye kiti chako pia kiko mbele kabisa, kimetandikwa kitambaa cha maua na kuwekewa mto wa kuegemea, lakini umekikataa, ukasimama pale mlangoni kana kwamba unatusimamia mtihani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Jina langu ni Bertille. Nimemaliza darasa la sita la sekondari mwaka huu pamoja na wenzangu mnaowaona upande wa madirisha. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa kunyoosha mkono darasani. Tulipotafuta wa kusema leo, nilimwonyesha Henriette, maana sauti ya Henriette inatoka hapa inafika bandarini bila kuchoka. Henriette akanitazama, akasema, "Hapana, dada. Weye njo ulivuta, weye njo utasema." Yaani, aliyevuta ndiye atakayesema. Darasa zima likacheka, na shauri likaishia hapo. Basi nitawaeleza nilichovuta. Mkiona nimepoteza mstari katika karatasi yangu, nawaomba mtazame dirishani kidogo, mtakuwa mmenisaidia.

Ndugu wageni waalikwa, tumeitwa hapa kumuaga Mwalimu Ignace, mwalimu wetu wa kemia, anayestaafu. Kadi mlizopewa zinasema hivyo. Lakini wengi wenu mlipopita mlangoni mmemsikia mwenyewe akiwaambia, "Hii si kwaheri, njo salamu tu." Na sisi wanafunzi tunajua kwamba juzi alikwenda kwa Sista Prefe akamwomba mwaka mmoja zaidi. "Mmoja tu, Sista. Darasa la tano njo sasa wanaanza kuelewa." Daktari amemwambia aache ngazi za shule hii na kusimama mchana kutwa, kwa sababu moyo wake umechoka. Sista hakumkatalia wala hakumkubalia. Alisema, "Mwalimu, uulize moyo wako." Je, tangu lini Mwalimu Ignace ameuuliza moyo wake kitu chochote? Kwa hiyo leo nimekuja kuuliza kwa niaba ya moyo huo, na ili mnielewe, lazima nianze na dawa yake.

Tulipoingia darasa la nne tulikuwa tumekwisha kusikia kwamba yuko mwalimu anayekaa sakafuni. Hatukusadiki. Kisha siku moja, akiwa ameandika nusu ya neno ubaoni, mkono wake ulishuka, chaki ikaanguka, na kiganja chake kikaenda kifuani. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akauegemeza mgongo ukutani, akatoa katika mfuko wa shati kifuko alichoshonewa na Mama Julienne, na ndani ya kifuko mlikuwa na vichupa vidogo vya kioo, vyembamba, kila kimoja kimevishwa kitambaa chake. Akakiweka kimoja katika leso, akakifinya kwa vidole. Tak! Akaileta leso puani, akavuta. Harufu ilitufikia mpaka viti vya nyuma, harufu ya nanasi lililooza likafungiwa pamoja na soksi. Macho yake yakawa mekundu, jasho likamtoka, tukaona mishipa ya kipaji cha uso ikipiga haraka haraka. Halafu, kabla hatujaamua nani akimbie kumwita Sista, mabega yake yakalegea, akapumua.

"Fungueni madirisha," akasema. "Na asiwashe muntu kiberiti, dawa hii inapenda moto."

Akangoja. Akainuka polepole. Akamalizia nusu ya neno iliyobaki.

Mwalimu mwingine angetuambia tusahau tulichokiona. Yeye alifuta ubao na kutufanyia somo. Aliuliza, "Mnalijua lango la soko, siku chombo cha Kigoma kinapofika?" Nani asiyelijua? Lango ni jembamba, watu wanasukumana, mama mwenye beseni anapiga kelele, na mpagazi mwenye gunia anasukuma kwa nguvu zake zote mpaka kifua kinamwuma. "Yule mpagazi njo moyo wangu," akasema. "Mishipa njo lango. Dawa hii haimpi mpagazi nguvu hata kidogo. Inapanua lango tu, naye anapita bila kusukuma." Akatueleza kwamba dawa inafanya kazi upesi kuliko dawa yoyote aliyowahi kumeza, lakini inaondoka upesi vilevile, kama mgeni asiyevua viatu. Na kwa kuwa inapanua malango yote ya mwili kwa pamoja, haichagui lile linalouma peke yake, uso unawaka, kichwa kinagonga kama kinu, moyo unakimbia, na damu inateremka miguuni. Anayevuta akiwa amesimama ataanguka.

"Kwa hiyo sheria ni ipi?" akauliza.

Tukajibu wote, "Kaa kwanza!"

"Kisha?"

"Kisha vuta!"

Wadogo zetu wa darasa la tano, nawaona mnacheka. Ninyi pia mmefundishwa hivyo.

Nisipomtaja Henriette hapa atanikasirikia, ingawa nikimtaja atanikasirikia pia. Siku moja Mwalimu alisahau leso yake mezani baada ya kuitumia, na Henriette akasema, "Ngoja nionje manukato ya wazee." Akavuta, tena amesimama. Tulimdaka. Somo lote lililofuata alilipitisha ameegemea ukuta, ameshika kichwa kwa mikono miwili, akituambia, "Kichwa changu kimepanda chombo kinakwenda Kigoma bila miye." Mwalimu hakumpiga wala hakumpeleka kwa Sista. Alikaa karibu naye sakafuni mpaka kichwa kiliporudi kutoka Kigoma, akamwambia kwa upole, "Mutoto wangu, dawa hii haina urafiki. Kwangu ni lango. Kwa muntu muzima ni kuanguka. Usiichezee tena."

Waheshimiwa, sasa nafika Kirungu.

Mwezi wa sita, kabla ya mtihani wa Taifa, darasa la sita huenda kufanya mafungo ya sala. Mwaka huu tulipelekwa kwenye kijiji kimoja kidogo juu ya Kirungu, milimani nyuma ya bandari ya Moba, kule kwenye baridi, ambako asubuhi moshi unatoka mdomoni kama umekula moto. Mwalimu Ignace alikuja nasi kutupitisha tena katika masomo. Mama Julienne hakupenda. Alimfungia sweta, akamfungia na kifuko cha dawa, akamwambia mbele yetu sote pale bandarini, "Kupanda, upande kama mama mwenye mimba." Naye akajibu, "Miezi mingapi?" Mama Julienne akampiga na khanga.

Ziwani mawimbi yaliingia chomboni, na unga wetu wote ukalowa ukaharibika. Tulipofika juu tukanunua mihogo mibichi ya huko, mihogo michungu, tukaimenya na kuiloweka katika kijito kama tunavyofanya nyumbani. Ninyi mama zetu mnajua: hapa Kalemie unaweka mihogo majini, unahesabu siku tatu, unaitoa imelainika, sumu yake imekwisha kwenda na maji. Nasi tulihesabu siku tatu. Tukaitoa. Mama Emerance, mwenyeji wetu, alituazima kinu chake, akauliza tu, "Mumeiloweka vema?" Tukasema, "Ndiyo, Mama, siku zake zimetimia." Naye, kwa adabu ya watu wa kule, hakutaka kuwafundisha wageni mambo ya jikoni. Tukaitwanga, tukaianika kidogo kwa pupa kwa sababu tulikuwa na njaa, tukasonga bukari, ugali wetu wa muhogo.

Mimi sikuwa nimekula tangu jana yake kwa sababu ya homa. Mboga ilikuwa kidogo, ndagaa wakaniishia mapema, nami kwa haya sikuomba wengine. Nikala bukari tupu, nikala nyingi.

Mchana huohuo wenzangu kadhaa walishikwa na kichwa, wengine wakatapika. Mimi nilisimama kwenda kunywa maji, na sikufika. Ninalokumbuka ni moja tu: nilikuwa navuta hewa, navuta kwa nguvu zangu zote, na hewa ilikuwa inaingia, lakini ilikuwa kama chakula cha ndotoni, unakula na njaa iko palepale.

Yaliyobaki nimesimuliwa na Henriette, nami nayasema kama alivyoyasema.

Mwalimu alifika, akapiga magoti, akanitazama kucha na midomo. Akauliza, "Mumekula nini?"

"Bukari, Mwalimu."

"Mihogo imebaki?"

Wakamletea kipande kilichobaki katika beseni. Alikivunja. Nje kilikuwa laini, lakini katikati kilikuwa kigumu na cheupe kama chaki. Mama Emerance alipokiona alishika kichwa. "Yoo, batoto! Huku kwetu maji inalala. Maji ya baridi haifanyi kazi haraka. Sisi hatuhesabu siku, tunafinya kwa mukono!"

Muganga wa zahanati alikuwa Kirungu chini, na kijana mmoja alikwisha kutumwa mbio kumwita. Lakini kutoka kule mpaka kijijini ni mwendo, na mimi nilikuwa nimeanza kupiga mateke kama mbuzi aliyechinjwa. Hapo Mwalimu akatia mkono katika mfuko wa shati.

Henriette akamwambia, "Mwalimu, hiyo si ya moyo? Yeye haumwi moyo!"

Akajibu, huku anavunja. Tak! "Sumu ya muhogo inafunga nyumba ndogo ndogo za mwili, hewa inabisha hodi na haifunguliwi. Dawa hii, ukiacha kupanua lango, inageuza sehemu ya damu iwe mutego. Sumu inapenda mutego ule kuliko nyumba. Inatoka, inanaswa." Akaniwekea leso puani. Akaiondoa, niivute hewa safi. Akairudisha. "Lakini tusizidishe. Damu yote ikiwa mutego, nani atabeba hewa?"

Ndugu zangu, hebu mwazieni mtu yule. Yuko juu ya mlima, ambako hata wazima wanahema. Mke wake yuko ng'ambo ya siku nzima ya ziwa. Kifuko kile ndicho kitu pekee kinachosimama kati yake na maumivu ambayo anayajua yanavyokuja. Kichupa kikivunjwa hakiungwi tena. Navyo vilikuwa vimeanza kuadimika hata mjini. Alivunja kimoja, akavunja kingine, na alipovunja cha mwisho, Henriette aliyapindua mapindo ya kifuko kutafuta, akaona ni kitupu. Akaanza kulia. "Mwalimu, na weye? Ikikushika?"

Na Mwalimu Ignace akasema maneno ambayo yamenifanya nisimame hapa leo, mimi nisiyejua kusimama mbele ya watu. Akasema, "Miye nitakaa tu."

Akakaa. Mchana ule wote, mpaka muganga wa Kirungu alipofika na sindano zake na kuichukua kazi, mwalimu wetu alikaa chini kando ya mkeka wangu, mgongo ukutani, bila kujisogeza, akiutunza moyo wake kwa kutulia tu, kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. Nilipofungua macho, kichwa kikiniuma ajabu na uso wangu ukiwaka, cha kwanza nilichoona ni yeye. Akaniuliza, "Bertille, harufu gani?"

Nikasema, "Nanasi bovu."

Akawaambia wenzangu, "Amerudi."

Siku ya kushuka, gari halikuwa na mafuta. Ilibidi tuteremke kwa miguu mpaka bandari ya Moba. Wenyeji walitaka kumbeba Mwalimu kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani. Akakataa: "Kipoyi ni ya wazungu wa zamani na ya maiti, na miye si mmoja wao." Tufanye nini? Tukashauriana pembeni. Basi njia nzima darasa la sita likashikwa na uchovu wa ajabu. Henriette aliumwa mguu wa kulia. Mbele kidogo ukahamia wa kushoto. Mwingine aliona kiu kila penye jiwe la kukalia. Mwingine alitaka kusali rozari, tena akiwa amekaa. Mimi niliyekuwa mgonjwa kweli nilitembea kuliko wote. Na kila tulipokaa, yeye pia alikaa. Tulipofika chini, jua limekwisha kuteremka, alitutazama mmoja mmoja akasema, "Katika kazi yangu yote sijafundisha darasa la wavivu namna hii." Kisha akageuka haraka kutazama ziwa, akasafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Hapa Kalemie, Mama Julienne alimpokea bandarini. Amenieleza mwenyewe, na amenipa ruhusa niseme. Alimkumbatia, na mkono wake ukapita juu ya mfuko wa shati, akaona ni mwepesi.

"Zimevunjika?" akauliza.

"Zimevunjika."

"Zote, Papa Ignace?"

"Zote. Kwa mutoto wa watu."

Mama Julienne akamwachia, akageuka. Alinitafuta kwa macho katikati ya wasichana wote wale, akanitambua bila kuambiwa, akaja akanishika mashavu. Jumapili iliyofuata alinipikia samaki wawili, akakaa mbele yangu mpaka nikawamaliza, akisema, "Kula, dawa yangu. Kula." Mpaka leo ananiita hivyo, dawa yangu. Mama, mbele ya watu hawa wote, naitika.

Tulitafuta vichupa vile. Wazazi wetu wenye biashara waliulizia ng'ambo, wakarudi mikono mitupu. Waliambiwa siku hizi vimekuwa shida kupatikana kila mahali. Daktari amempa Mwalimu vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo navyo vinapanua lango lilelile. Tunamshukuru Mungu na daktari. Lakini daktari amesema jambo jingine, ambalo halitoki dukani wala hospitali: kidonge hakisaidii kitu ikiwa mpagazi anarudishwa langoni kila asubuhi na gunia lilelile.

Mwalimu wetu, sasa nasema nawe.

Umemwambia Sista kwamba darasa la tano wanaanza kuelewa. Ni kweli, na hatutaki waache kuelewa. Ndiyo maana jana tulikwenda sisi wasichana kwa Sista Prefe, halafu kwa Mama Julienne. Sista amekubali kwamba darasa la tano waje nyumbani kwako alasiri, siku utakazotaka wewe. Mama Julienne anasema baraza yenu ni pana, na ubao tumekwisha kuupata. Henriette ameubeba kichwani kutoka chumba cha zamani cha ushoni, akipiga kelele njia nzima ili watu wampishe. Ngazi hakuna. Mimi, kabla sijaenda kusomea uuguzi kama Mungu akipenda, nitakuwa naandika ubaoni, na wewe utasema. Nitaandika neno zima; nusu ya neno imetutosha.

Je, hiyo ni kumfukuza mwalimu? Je, lango likipanuliwa, mpagazi ametukanwa?

Siku ile juu ya mlima uliona mtoto wa watu hawezi kuvuta hewa, ukampa hewa yako. Henriette alipokuuliza na wewe utafanyaje, ulisema, "Miye nitakaa tu." Ulikaa mchana ule. Halafu ukashuka mlima, ukarudi shuleni, na kesho yake asubuhi ukasimama tena ubaoni kama hakuna lililotokea. Na hata sasa, wakati nasoma, umesimama. Nimekuangalia tangu mwanzo. Umebadilisha mguu, na mkono wako umegusa kifua, ukafikiri hatuoni. Sisi ni wanafunzi wako; ulitufundisha kuona.

Nani alitufundisha sheria? Ipi inatangulia, dawa au kiti?

Darasa la tano, jibuni. Jibuni kwa sauti, ninyi mnaweza kuliko mimi.

Umewasikia, Mwalimu. Kiti ni kile. Mto ameshona Mama Julienne kwa kitambaa kilekile cha kifuko. Tafadhali. Sina maneno mengine katika karatasi yangu mpaka utakapokaa, na hakuna hapa mwenye haraka. Tutangoja.

Asante, Mwalimu.

Mheshimiwa Komiseri, Padri, Sista, wazazi na wageni wetu: desturi ni mkubwa asimame, na watu wampigie makofi wakiwa wamekaa. Leo nawaomba tuigeuze. Yeye amekaa. Sisi tusimame.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Mungu awabariki nyote, na auache moyo wa mwalimu wetu upite langoni taratibu, bila kusukumwa na mtu.